Usifute mradi kwanza: BOINC inapogoma kuunganisha

Assalaam aleikum, na karibuni tena. Nipo Ngamiani hapa Tanga mjini, na kompyuta mnayoiona mezani ndiyo inayokesha na BOINC kila usiku tukishalala. Kwa anayelisikia jina hili leo, BOINC ni programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Inachukua nguvu ya kompyuta yako isiyotumika na kuwapa watafiti: seva, yaani kompyuta kuu, ya mradi wa utafiti uliojiunga nao inakutumia kipande cha hesabu, mashine yako inakikokotoa, kisha inarudisha jibu. Hapo kwenye kupokea na kurudisha ndipo wengi wanakwama, na wakikwama wanaharibu kazi.

Kwa hiyo naanza na ombi. Usibonyeze "Remove" wala "Reset project". Mimi nilibonyeza, mwanzoni kabisa, kazi tatu zikiwa zimeshakamilika zinasubiri kupakiwa. Zikafutika zote, hesabu ya siku nne. Na tatizo lenyewe lilikuwa bando limekwisha tu.

Sasa twende pamoja. Tazama pembe ya chini kulia ya dirisha la BOINC. Pameandikwa nini? Ukiona "Disconnected", usikimbilie kununua vocha, kwa sababu hilo halihusu intaneti. BOINC ni vitu viwili: dirisha hili unaloliona, na injini inayokokotoa kimya kimya nyuma yake. Viwili hivi vinazungumza humo humo ndani ya kompyuta, kupitia mlango namba 31416. Umeme ukikatika ghafla kisha ukarudi, huenda dirisha limefunguka na injini haijawaka. Funga BOINC kabisa, na ikikuuliza kama isimamishe na kazi zinazoendelea, kubali. Ifungue upya. Ikigoma, zima na uwashe kompyuta. Ikigoma tena, angalia faiawoli ya Windows na antivairasi yako, uone kama zimeizuia BOINC, uiruhusu. Wanaotumia Ubuntu badala ya Windows, fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, andika sudo systemctl restart boinc-client, subiri kidogo.

Pakiandikwa "Connected to localhost", yaani dirisha limeunganika na injini ya kompyuta yako yenyewe, injini ni nzima. Hapo bonyeza Ctrl, Shift na E kwa pamoja. Hili ni daftari la matukio, na ndilo ninalotaka mlizoee kuliko kitu kingine chochote katika video hii. Shuka hadi chini, mistari mipya iko huko.

BOINC ikishindwa kuifikia seva ya mradi, inajaribu kubisha hodi kwenye tovuti nyingine kubwa ili ijue kosa liko wapi, halafu inakuandikia jibu. Ukisoma "Internet access OK", kwako hakuna tatizo, seva ya mradi ndiyo iliyolala. Waache waishughulikie. Ukisoma kwamba BOINC haiwezi kuifikia intaneti, kosa ni la upande wako. Fungua tovuti ya mradi kwenye kivinjari, kwa kompyuta hiyo hiyo na mtandao huo huo. Bando likiisha, alama ya mtandao inaweza kubaki pale pale ikakudanganya. Kwenye waifai ya chuo au hoteli huwa kuna ukurasa wa kuingiza nywila kwanza; BOINC haiwezi kukujazia, ujaze mwenyewe. Pitia pia menyu ya "Activity", uone kama hukuacha "Suspend network activity" imechaguliwa.

Sasa kosa linalowasumbua wenye kompyuta za mtumba, na hapa naomba mtulie nami. Daftari linalalamika kuhusu SSL, yaani mawasiliano salama kati yako na seva, au "certificate", yaani cheti. Seva ina cheti cha kujitambulisha, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, kama leseni ya udereva. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, ile ya duara inayoitwa CR2032, umeme ukikatika kompyuta inasahau tarehe. Ikiwaka inajiona iko miaka mingi nyuma, kwa hiyo cheti cha seva inakiona bado hakijaanza kutumika, inakikataa. Rekebisha tarehe na saa, na kwenye orodha ya kanda za saa ("time zone") chagua Nairobi, ndiyo saa yetu. Kisha badilisha betri, la sivyo umeme ukikatika tena utarudi hapa hapa.

Tarehe ikiwa sahihi na kosa likabaki, tazama toleo la BOINC yako. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha msingi kilichotegemewa na tovuti nyingi kilifikia mwisho, na BOINC za zamani zilizobeba orodha ya vyeti vya kale zikaanza kukataa seva zilizo salama kabisa. Dawa ni kusakinisha toleo jipya juu ya lile la zamani. Kazi zako hazipotei.

Na kama mradi wako ni SETI@home, ule wa kutafuta viumbe wenye akili nje ya dunia, usihangaike na mtandao: waliacha kugawa kazi Machi 2020. Chagua mradi mwingine.

Umesharekebisha, lakini bado kimya? BOINC ikishindwa mara kadhaa huongeza muda wa kusubiri kabla ya kujaribu tena, hata saa kadhaa. Nenda kwenye "Transfers", chagua faili, bonyeza "Retry Now". Kisha "Projects", chagua mradi, bonyeza "Update". Hii hapa ya kwangu, mnaiona? Faili linapanda, asilimia arobaini, sabini, limefika. Usizime kompyuta bado. Rudi "Tasks" usubiri hadi ile kazi itoke kwenye orodha. Hapo ndipo watafiti wamelipokea jibu lako.