Anayegawa Zamu: Mazungumzo Kuhusu Mfumo Endeshi wa Kompyuta

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji wetu, hususan wanafunzi wa sekondari na vyuo mnaojiandaa kwa mitihani ya somo la kompyuta. Mimi ni Mwalimu Zuhura, na niko na fundi Baraka, ambaye siku zake hupita kati ya kompyuta zilizoganda na flashi zisizofunguka. Leo tunazungumzia mfumo endeshi.

BARAKA: Asante, Mwalimu, na salamu kwa wote. Naomba nianze na lalamiko dogo. Kila kijana anayekuja kwangu kujifunza kazi amekariri kwamba mfumo endeshi ni programu inayosimamia vifaa vya kompyuta na programu nyingine. Nikimuuliza unasimamia vipi, na mamlaka hayo umeyapata wapi, ananyamaza.

ZUHURA: Maana hiyo haina kosa, ila imefupishwa mno. Mimi huwaambia wanafunzi waanzie kwenye uhaba. Kompyuta ina prosesa moja ya kutekeleza maagizo, RAM yenye kikomo, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, diski moja au mbili na skrini moja, ilhali programu zinazovitaka vitu hivyo kwa wakati mmoja ni makumi, pengine mamia. Lazima awepo wa kuamua nani atumie nini, kwa muda gani, na asivuke mpaka upi. Kazi hiyo ndiyo ya mfumo endeshi, na karibu kila istilahi mtakayokutana nayo katika mada hii, iwe mchakato, zamu, ukurasa au faili, imetokana na kazi hiyo ya kugawa na kulinda.

BARAKA: Na mamlaka je?

ZUHURA: Yamo ndani ya prosesa yenyewe. Prosesa za kompyuta zetu zina angalau hali mbili za utendaji. Katika hali ya keneli, amri zote zinaruhusiwa. Katika hali ya mtumiaji, amri nyeti, kama vile kugusa diski moja kwa moja au kubadilisha mipaka ya kumbukumbu, zinakataliwa na prosesa papo hapo. Keneli ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayofanya kazi katika hali ya kwanza. Programu zote za kawaida huishi katika hali ya pili. Kwa hiyo programu unayoandikia barua haina uwezo wa kusoma diski. Inachoweza ni kuiomba keneli, na ombi hilo huitwa mwito wa mfumo. Keneli hulikagua ombi, ikatazama kama mtumiaji anayo ruhusa ya kulisoma faili hilo, ikaifanya kazi yenyewe kupitia draiva, yaani programu inayojua kuongea na kifaa husika, kisha ikarudisha jibu.

BARAKA: Hapo ndipo wateja wangu wengi huchanganya, kwa sababu wakiona madirisha na vitufe wanadhani ndio mfumo endeshi wenyewe. Linux aliyoitangaza Linus Torvalds mwezi Agosti 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ilikuwa keneli, haikuwa na dirisha hata moja la kubofya. Keneli hiyo, baada ya kukuzwa na kurekebishwa na maelfu ya watu, ndiyo iliyo chini ya simu za Android. Mtu anaweza kuwa hajaandika amri moja ya Linux maishani mwake, na bado akawa anaitumia kuanzia asubuhi hadi usiku.

ZUHURA: Tuje kwenye mchakato, maana swali lake halikosekani katika mitihani. Programu ni faili lililotulia kwenye diski, lina maagizo tu. Ukilibofya, keneli hulitengea eneo la kumbukumbu, hulipa namba ya utambulisho, na huanza kuweka rekodi ya mafaili linayoyafungua na ya mahali lilipofikia katika maagizo yake. Kuanzia hapo pana mchakato. Ukifungua Notepad mara tatu katika Windows 7, una programu moja na michakato mitatu, kila mmoja na kumbukumbu yake.

BARAKA: Na michakato hiyo yote inapokezana prosesa. Mimi humfananisha mpangaji wa zamu, yaani sehemu ya keneli inayogawa prosesa, na mama lishe mwenye majiko sita na mikono miwili: anakoroga ugali, anageuza samaki, anarudi kwenye maharage, na mteja anaona vyakula vyote vinaiva kwa pamoja.

ZUHURA: Mfano wako ni mtamu, Baraka, lakini una tundu. Maharage yanaendelea kuchemka mama lishe akiyapa kisogo. Mchakato ambao hauna prosesa hauendelei hata hatua moja. Unasimama pale pale ulipoachwa. Keneli huhifadhi hali yake yote, yaani thamani zilizokuwa ndani ya prosesa, ili zamu yake ikirudi uendelee kana kwamba haukukatizwa. Mwanafunzi akumbuke hali tatu: mchakato unaoendeshwa, mchakato ulio tayari unaongoja zamu, na mchakato unaosubiri kitu cha nje, kama vile data kutoka diski au mtu kubonyeza kibodi. Huo wa tatu hata ukipewa zamu hauna la kufanya, na ndiyo maana mpangaji huuruka.

BARAKA: Nakubali tundu hilo. Sasa, mchakato ukiwa na prosesa, keneli haiendeshwi. Je, mchakato ukikataa kuiachia?

ZUHURA: Swali zuri, na lina historia. Katika Windows 3.1 programu zilitarajiwa kuachia prosesa kwa hiari. Moja ikiingia katika mzunguko usio na mwisho, Windows nzima iliganda. Unix, iliyoanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969, haikutegemea hiari. Njia yake, ambayo leo ni ya kawaida, ni kipima muda. Ni kifaa kinachopiga kengele kila baada ya milisekunde chache. Kila kinapopiga, prosesa hulazimika kuacha inachofanya na kurudi kwenye keneli. Tendo hilo huitwa ukatizaji. Windows 95 ililetea utaratibu huo programu za biti 32, yaani zinazotumia namba zenye tarakimu 32 za sifuri na moja, na tangu hapo ikawa rahisi zaidi kuiua programu moja iliyokwama, ingawa wenye umri wangu wanakumbuka kwamba Windows 95 yenyewe ilikuwa na namna zake nyingine za kuganda.

BARAKA: Ila zamu hazitolewi sawasawa kila mara.

ZUHURA: Hapana, kuna vipaumbele. Na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kuna kisa ambacho hufundisha kuliko kurasa nyingi za maelezo. Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Mars Pathfinder cha Marekani kilitua kwenye sayari ya Mirihi. Kilianza kutuma picha vizuri, lakini baada ya siku chache kompyuta yake ikawa inajizima na kujiwasha upya yenyewe, na kila mara kazi za siku hiyo zilicheleweshwa.

BARAKA: Fundi wa huko angekuja kwa usafiri gani!

ZUHURA: Ndiyo maana walilazimika kufikiri. Kompyuta hiyo ilitumia mfumo endeshi wa VxWorks, wa aina inayotakiwa kujibu ndani ya muda maalumu. Palikuwa na kazi yenye kipaumbele cha juu iliyosimamia njia ya pamoja ya kupitishia data, kazi ya chini iliyokusanya takwimu za hali ya hewa, na kazi za kati, zikiwemo za mawasiliano. Ile ya juu na ile ya chini zilitumia rasilimali moja iliyolindwa kwa kufuli: anayelishika kufuli ndiye anayetumia, wengine wanasubiri. Sasa fuatisheni mfululizo huu. Kazi ya hali ya hewa imeshika kufuli. Kabla haijamaliza, kazi ya juu inahitaji kufuli hilo, inalikuta limeshikwa, inasubiri. Wakati huohuo kazi ya kati inaamka, na kwa kuwa kipaumbele chake kinaizidi ile ya hali ya hewa, inainyang'anya prosesa.

BARAKA: Kwa hiyo wa chini hawezi kumaliza ili aachie kufuli, na wa juu anabaki anamngoja wa chini, yaani kwa hakika anamngoja wa kati.

ZUHURA: Barabara kabisa. Hali hiyo huitwa mgeuko wa vipaumbele. Kisha kikaja kipima muda cha usalama, ambacho kiliona kwamba kazi ya juu haijakamilika kwa wakati, kikahitimisha kwamba kuna hitilafu kubwa, kikawasha upya kompyuta nzima. Wahandisi wa JPL, maabara iliyosimamia chombo hicho huko California, waliirudia hitilafu hiyo kwenye nakala ya chombo iliyobaki duniani, wakaiona. Dawa yake ilikuwa inajulikana. Lui Sha, Ragunathan Rajkumar na John Lehoczky walikuwa wameifafanua katika makala ya mwaka 1990. Mwenye kufuli hurithishwa kwa muda kipaumbele cha anayemsubiri, ili asinyang'anywe prosesa na wa kati. VxWorks ilikuwa nayo tayari, ila katika kufuli lile ilikuwa imezimwa. Wakatuma badiliko kutoka duniani, wakaiwasha, na kujizima kukakoma.

BARAKA: Mimi nakipenda kisa hicho kwa sababu hakuna kifaa kilichoharibika. Kila programu ilifanya ilichoagizwa. Tuingie kwenye kumbukumbu, Mwalimu, maana huku ndiko kesi zangu nyingi ziliko: kompyuta nzito.

ZUHURA: Kila mchakato hupewa anwani za kumbukumbu ambazo unaziona kama zake peke yake. Kwa kweli anwani hizo ni za dhahania. Keneli, ikisaidiwa na prosesa, huzitafsiri ziwe mahali halisi kwenye RAM kwa vipande viitwavyo kurasa, na katika kompyuta nyingi za kawaida ukurasa mmoja una baiti 4,096. Mchakato ukijaribu kugusa ukurasa usio wake, huzuiwa, na mara nyingi husitishwa. Ulinzi ndio huo. Na RAM ikijaa, kurasa ambazo hazijaguswa kwa muda hupelekwa kwenye diski, zikihitajika zinarudishwa.

BARAKA: Na hapo ndipo taa ya diski inapowaka bila kupumzika. RAM hujibu kwa muda unaohesabiwa kwa nanosekunde mia moja hivi, wakati diski ya kuzunguka huchukua milisekunde kadhaa. Tofauti ni ya makumi ya maelfu ya mara. Mteja huniambia nimpunguzie picha zilizojaa kwenye diski ili kompyuta iwe nyepesi, wakati tatizo lake ni vichupo arobaini vya kivinjari kwenye RAM ya gigabaiti mbili.

ZUHURA: Kuna namba moja ambayo ningependa wanafunzi waijue: mbili kwa kipeo cha 32, ambayo ni 4,294,967,296. Anwani yenye biti 32 haiwezi kutofautisha baiti zaidi ya hizo, na ndiyo maana tunasema mchakato wa biti 32 hauvuki gigabaiti nne za kumbukumbu.

BARAKA: Na namba hiyo hiyo hunikuta mezani kwangu kwa sura nyingine. Mtu anakuja na filamu ya gigabaiti tano na flashi ya gigabaiti 32 iliyo tupu, na kompyuta inamwambia faili ni kubwa mno. Flashi imefomatiwa kwa mfumo wa faili wa FAT32, ambao huandika ukubwa wa kila faili kwa biti 32. Nafasi ipo, lakini hakuna pa kuandika ukubwa huo. Nikimbadilishia iwe exFAT, mfumo mwingine wa faili, filamu inaingia.

ZUHURA: Umegusa jambo kubwa. Diski haijui faili wala folda. Inajua vipande vyenye namba tu. Mfumo wa faili ndio unaotunza orodha ya majina na vipande vinavyohusika. Ukifuta faili katika FAT32, kinachobadilika ni alama katika ingizo lake na rekodi ya vipande vilivyoachwa huru. Data yenyewe inabaki hadi iandikwe nyingine juu yake.

BARAKA: Ndiyo maana aliyefuta picha za harusi kwa bahati mbaya namwambia asihifadhi kitu kingine chochote kwenye kadi hiyo mpaka aniletee. La mwisho kwangu ni kuchomoa flashi. Ukinakili faili, keneli inaweza kuliweka kwanza kwenye RAM na kukuambia kazi imekwisha, kisha ikaliandika kwenye flashi polepole. Ukichomoa kabla, orodha inaweza kubaki nusu. Windows, kuanzia toleo la 1809 la Windows 10 mwaka 2018, imewekwa isichelewe kuandika kwenye flashi, lakini Linux bado huchelewesha, kwa hiyo tumieni amri ya kuondoa kwa usalama. Na kabla ya kufomati kwenda exFAT, nakilini vilivyomo mahali pengine, kwa sababu baada ya hapo orodha yote inaanza upya.

ZUHURA: Kipindi kijacho tutafuata kompyuta tangu unapobonyeza kitufe cha kuwashia hadi keneli inapoanza kazi. Asanteni kwa kutusikiliza.