Nani Alicheza Gemu Ipi? Wahakiki, Wachezaji na Cyberpunk 2077

Asanteni sana. Naona waliokaa mbele ni wa uandishi wa habari, na waliojibanza nyuma ni wa kompyuta. Leo wa nyuma ndio watakaonielewa upesi, na wa mbele ndio ninaowasema.

Nitazungumzia gemu moja tu: Cyberpunk 2077, kazi ya kampuni ya CD Projekt Red ya Warsaw, Poland, iliyotoka tarehe 10 Desemba 2020. Siku hizi habari yake husimuliwa kwa pumzi moja. Ilitoka mbovu, ikatukanwa, ikatengenezwa, ikapendwa. Kila kipande cha masimulizi hayo ni kweli, lakini ukiyapanga hivyo kuna watu wanapotea katikati. Waliopiga kelele kubwa Desemba ile, na waliofurahia gemu iliyokarabatiwa miaka mitatu baadaye, kwa sehemu kubwa hawakuwa na mashine moja. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame.

Kwanza gemu yenyewe, kwa wasioijua. Unacheza kama V, mamluki katika jiji la kubuni la Night City, California, mwaka 2077. Makampuni yametawala kuliko serikali, watu wanabadilisha viungo vyao kwa vyuma kama tunavyobadilisha simu. V anaishia kuwa na kidude kichwani chenye nafsi ya mwanamuziki muasi aliyekwisha kufa, Johnny Silverhand, anayeigizwa na Keanu Reeves, mwigizaji wa filamu. Unapigana, unadukua mitambo, unaendesha magari, unazungumza na watu na kuchagua majibu.

Ulimwengu huo haukubuniwa Poland. Ni wa Mike Pondsmith, Mmarekani mweusi, aliyeutoa mwaka 1988 kama mchezo wa mezani: kitabu cha kanuni, dadu, penseli, na marafiki wanaoigiza wahusika. Kwa faida yenu, katika historia ya kubuni ya mchezo ule kuna mtambo mkubwa wa kurushia mizigo angani uliojengwa Kilimanjaro. Kwa hiyo tumo, ingawa kwa mbali.

Sasa, kwa nini watu waliisubiri kwa imani kubwa namna ile? CD Projekt ilitangaza mradi huu mwaka 2012, ikatoa trela ya kwanza Januari 2013, kisha ikaenda kumaliza kazi nyingine, The Witcher 3, iliyotoka mwaka 2015. Hiyo ndiyo iliyoipa kampuni jina. Ilikuja na nyongeza ndogo 16 za bure, na nyongeza kubwa mbili za kulipia ambazo watu walisema zinatosha kuuzwa kama gemu kamili. Kampuni ikajenga sifa ya kuwa upande wa mchezaji. Kwa hiyo Juni 2019, Keanu Reeves alipopanda jukwaani kwenye maonyesho ya gemu ya E3 huko Los Angeles na kutaja tarehe ya 16 Aprili 2020, watu walikuwa wameshaamini kabla hajafungua mdomo. Tarehe hiyo ikasogezwa hadi Septemba, kisha Novemba. Mapema Oktoba 2020 kampuni ikatangaza kuwa gemu imekamilika na iko tayari kuchapwa kwenye diski. Wiki chache baadaye ikaahirisha tena kwa siku 21.

Gemu iliyokamilika, halafu inaahirishwa. Mwandishi wa habari aliyekuwa macho angeuliza hapo hapo: inaahirishwa kwa ajili ya mashine ipi?

Tuje kwa wahakiki, na hapa nitakaa. Uhakiki wa kwanza ulitoka tarehe 7 Desemba, siku tatu kabla ya mauzo. Kampuni ilikuwa imewapa wahakiki gemu ya kompyuta pekee. Nakala za PlayStation 4 (PS4) na Xbox One, mashine za mwaka 2013 zilizokuwa majumbani mwa mamilioni ya watu, hawakupewa. Tena waliwekewa sharti kwamba kwenye video zao wasitumie picha walizorekodi wenyewe wakicheza. Watumie zilizotolewa na kampuni. Fikirini: unaandika uhakiki wa hoteli, lakini picha za chumba lazima zitoke kwa mwenye hoteli, na chumba ulicholala ni kile cha ghorofa ya juu peke yake.

Je, walidanganya? Hapana. Ukisoma maandishi ya siku ile, wengi walisema wazi kwamba walikutana na hitilafu nyingi, na kwamba walicheza kwenye kompyuta. Walisifu jiji, nalo linastahili sifa: ukitembea Night City usiku mvua inanyesha, taa za mabango zinamulika kwenye lami, utasahau kazi uliyotumwa. Walisifu hadithi za pembeni, hasa za wahusika Judy na Panam, zilizoandikwa kwa utu usiotarajiwa kwenye gemu ya bunduki. Wastani wa alama kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, kwa upande wa kompyuta umetulia kwenye 86 kati ya 100. Ni alama nzuri, na kwa mtu mwenye kompyuta ya nguvu, haiko mbali na ukweli.

Tatizo ni kwamba alama haina mguu wa kusimamia. Ikitoka tu, inasafiri peke yake, na lile neno "kompyuta" linabaki nyuma. Mtu aliye na PS4 anaona namba kubwa, anatoa pesa. Maagizo ya kabla ya siku ya kutoka yalifika milioni 8. Kweli zaidi ya nusu yalikuwa ya kompyuta, lakini waliobaki bado ni mamilioni.

Na kulikuwa na wachezaji ambao hawakutaka kusikia lolote. GameSpot, tovuti ya habari za gemu, walitoa 7 kati ya 10. Mhakiki, mwanamke, alieleza kwa utulivu kwamba ulimwengu wa gemu una mambo mengi yasiyo na uzito na hitilafu zinazochosha. Akashambuliwa kwa matusi na watu ambao hawakuwa wameigusa gemu hata kwa dakika moja, maana ilikuwa haijauzwa. Mwandishi mwingine, wa jarida la Game Informer, alitoa onyo kwamba sehemu moja ya gemu ina mmuliko wa taa unaoweza kumletea mtu mwenye kifafa mshtuko. Yeye mwenyewe ulimpata. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi bora ya uhakiki iliyoandikwa kuhusu gemu hii wiki ile. Kampuni iliweka onyo na kurekebisha sehemu ile ndani ya siku chache. Mashabiki fulani je? Walimtumia video za taa zinazomulika. Niliposema wahakiki wana la kujibu, msidhani wachezaji nawaacha.

Tarehe 10 Desemba ikafika. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, watu zaidi ya milioni moja waliicheza kwa wakati mmoja, idadi ambayo gemu ya mchezaji mmoja ilikuwa haijaifikia hapo kabla. Na kwenye PS4 na Xbox One ikafumka. Picha zinagandaganda, sura za watu zinachelewa kutokea hadi unazungumza na kinyago, barabara tupu, gemu inajizima katikati ya kazi. Video zikasambaa: watu wamesimama mikono imenyooshwa kama misalaba, vijiti vya miti vimeota sakafuni.

Wa kompyuta, hii ni sehemu yenu. Januari 2021 Marcin Iwiński, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, alijitokeza kwenye video na kueleza. Walianza kwa kuitengeneza gemu ivutie kwenye kompyuta, kisha wakaishusha iingie kwenye mashine za zamani. Jiji limejaa vitu vingi na halina mlango wa kusubiria, kwa hiyo mfumo unaopakia vitu kutoka kwenye hifadhi unapaswa kufanya kazi bila kupumua. PS4 ina diski ngumu inayozunguka; unapokatiza mtaa kwa pikipiki, diski haiwezi kuleta nyumba, watu na magari kwa kasi ya pikipiki yako. Huu si uzembe wa mtu mmoja aliyesahau mstari wa programu. Ni uamuzi wa miaka mingi. Novemba 2020, mkuu wa kampuni Adam Kiciński alikuwa amewaambia wawekezaji kwamba kwenye mashine zile gemu inakwenda vizuri hata kwa kushangaza. Aliposema hayo, wahakiki walikuwa hawana njia ya kumpinga, kwa sababu hawakuwa na gemu ya mashine zile mkononi.

Baadaye zikaja hukumu za mashine za zamani, na wastani wa PS4 kwenye Metacritic ukawa 57. IGN, tovuti nyingine ya gemu, waliokuwa wametoa 9 kwa kompyuta, wakatoa 4 kwa mashine hizo. Jina moja, nyumba moja ya habari, 9 na 4. Tarehe 14 Desemba kampuni ikaomba radhi na kuwaelekeza watu wadai fedha zao. Siku tatu baadaye Sony, watengenezaji wa PlayStation, ikaiondoa gemu kwenye duka lake la mtandaoni, jambo ambalo kwa gemu kubwa kama ile halikuwa limezoeleka kabisa. Ilirudi tarehe 21 Juni 2021. Hisa zilianguka, wawekezaji wakaenda mahakamani Marekani, na mamlaka ya kulinda walaji ya Poland ikaanza kufuatilia masasisho.

Kuna malalamiko ya aina nyingine ambayo hayakuhusu mashine, nayo yalichelewa kusikika kwa sababu ya zile kelele. Unapoanza, unachagua V ametoka wapi: mtaani, kwa wahamaji wa jangwani, au kwenye ofisi za kampuni. Matangazo yalifanya uchaguzi huo uonekane mzito. Ukweli ni kwamba baada ya utangulizi mfupi njia zote zinamwagika mto mmoja, na kinachobaki ni majibu machache ya ziada kwenye mazungumzo. Polisi walikuwa wanachipuka mgongoni mwako kama uyoga. Kundi la Voodoo Boys, wenye asili ya Haiti, lilikosolewa kwa kurudia picha za zamani za watu weusi na uchawi, ingawa hao hao wanazungumza Krioli ya Haiti kwa kujiamini kabisa. Kwangu, hadithi ni imara kuliko wapinzani wake wanavyokubali, na uhuru ni mdogo kuliko mashabiki wake wanavyodai. Mhakiki wa GameSpot alikuwa amesema sehemu kubwa ya haya kabla ya wote. Hakuna aliyerudi kumwomba radhi, nijuavyo mimi.

Ukarabati nitaupitia haraka kwa sababu mmeusikia. Sasisho la 1.5 lilitoka Februari 2022. Septemba mwaka huo ikaja Edgerunners, katuni ya Kijapani kwenye Netflix, na watu wakarudi Night City kwa wingi. Mwezi huo huo mauzo yakavuka nakala milioni 20. Septemba 2023 ikaja 2.0, iliyoandika upya mfumo wa ujuzi na wa polisi, na siku chache baadaye nyongeza ya Phantom Liberty, akiwemo mwigizaji Idris Elba, huyu mnayemjua kwa habari za mpango wa studio ya filamu Zanzibar. Wahakiki waliisifu kwa kauli karibu moja. Desemba 2023 gemu ikapata tuzo ya The Game Awards ya gemu bora inayoendelea, tuzo ambayo kwa kawaida huenda kwa gemu za mtandaoni. Watu wakacheka kidogo: inaendelea wapi, ilikuwa inamaliziwa!

Sasa rudini kwa mwenye PS4. Sasisho kubwa la mwisho alilopata ni 1.6, la Septemba 2022. 2.0 halikwenda PS4 wala Xbox One. Phantom Liberty vilevile. Kampuni ilimpa haki ya kupata nakala ya PS5 bure, kwa masharti kwamba ana PS5. Gemu iliyopewa tuzo hajaicheza. Ile 57 haijawahi kukanushwa. Imeachwa tu, na makala za "gemu iliyofufuka" zikaandikwa, tena mara nyingi na watu walioicheza kwenye kompyuta tangu mwanzo.

Kwetu jambo hili lina sura yake. Vibanda vingi vya gemu mtaani bado vinaishi kwa PS4 zilizotumika. Kijana ananunua diski iliyopita mikono kadhaa, na ndani ya diski ile ya Desemba 2020 kuna gemu ya Desemba 2020. Kuirekebisha kunataka makumi ya gigabaiti, na bando analijua bei yake. Anafungua simu, anasoma kwamba Cyberpunk 2077 sasa ni miongoni mwa gemu bora za muongo. Kisha anawasha mashine.

Kwa hiyo nyinyi wa mbele, mkiandika uhakiki, mashine iwe kwenye sentensi ya kwanza, si kwenye tanbihi: ipi, ya mwaka gani, toleo namba ngapi, na nani aliyekupa nakala. Kama kampuni imekunyima nakala ya mashine fulani, hiyo ni habari, na inaweza kuwa kubwa kuliko alama utakayoitoa.

Kuna mkono umeinuliwa tangu nilipotaja bando. Tuanze na huo.