Sayansi kwa Masikio

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja.

Kuna watu wanaodharau kusikiliza vitabu vya sayansi, eti asiyefungua kurasa hajasoma. Mimi nawakumbusha Michael Faraday. Alikuwa mwanagenzi wa fundi wa kujalidi vitabu London, shule aliiacha mapema. Mwaka 1812 mteja mmoja alimpa tiketi za kwenda kumsikiliza Humphry Davy, mkemia mashuhuri. Akasikiliza, akaandika, akachora, kisha akaijalidi kazi yake na kumpelekea Davy mwenyewe. Mwaka uliofuata akaajiriwa kwenye maabara ya Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London. Kanuni aliyoigundua mwaka 1831, kwamba sumaku ikisogezwa kwenye koili ya waya huzalisha umeme, ndiyo inayoendesha jenereta hadi leo.

Ila angalieni alivyosikiliza: kalamu mkononi. Sikio hushika kisa, nani alishuku nini na jaribio lipi lilimkatalia, lakini tarakimu huziacha zipite. Ukiambiwa mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde huku unakata vitunguu, vikifika sufuriani umeshasahau. Simamisha, rudisha nyuma, andika. Kitabu kilichojaa michoro na milinganyo, hicho kiachieni macho.

Faraday naye alipokuwa mhadhiri aliwafundisha vijana kemia kwa mshumaa. Mihadhara yake sita ilitoka kitabuni mwaka 1861, na wasomaji wa kujitolea wameirekodi kwa Kiingereza, husikilizwa bure. Jaribuni hili nyumbani, pasipo upepo. Mshumaa ukishakolea, uzime taratibu. Utaona uzi wa moshi unapanda. Sogeza njiti inayowaka kwenye moshi huo, juu kidogo ya utambi, usiuguse. Moto unashuka na ule moshi, mshumaa unawaka tena! Kumbe kinachoungua ni mvuke wa nta. Utambi kazi yake ni kuipandisha nta iliyoyeyuka. Maelezo hayo ukiyasikia huku umeshika njiti, hayakutoki.

Kinachoniuma ni uhaba wa vitabu vya namna hii kwa Kiswahili. Mama yuko kwenye cherehani kutwa nzima, dereva wa lori yuko njiani usiku kucha, masikio yao yana nafasi. Maandishi ya Faraday hayana tena mwenye hakimiliki. Kuyatafsiri na kuyasoma hakuhitaji kibali. Mwenye sauti inayosikika vizuri na simu ya kurekodia, tuonane hapa mbele baada ya maswali, tugawane mihadhara ile sita.