Mfalme Aliye Ng'ambo ya Maji: Mazungumzo juu ya The Stolen Lake

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji katika kipindi chetu cha vitabu vya vijana. Riwaya iliyo mezani leo ni The Stolen Lake ya mwandishi Mwingereza Joan Aiken, iliyotoka mwaka 1981, ikiwa ni mwendelezo wa mfululizo ulioanza mwaka 1962 na The Wolves of Willoughby Chase. Ni riwaya inayochanganya historia ambayo haikutokea na hekaya za Waselti juu ya Mfalme Arthur, mfalme wa kale anayesemekana kwamba siku moja atarudi. Mwalimu Baraka, shikamoo, na karibu.

BARAKA: Marahaba, Dada Zuhura. Asante kwa kunialika, na asante zaidi kwa kukichagua kitabu hiki, kwa sababu wengi wanaosoma mfululizo huu hukipita haraka wakidhani ni safari ya pembeni tu, ilhali kwa maoni yangu hapa ndipo mwandishi alipoeleza kwa uwazi zaidi jambo ambalo mfululizo mzima unalizungukia.

ZUHURA: Jambo hilo tutalifikia. Kwanza tumsaidie msikilizaji ambaye hajasoma hata kitabu kimoja. Historia imegeuzwa wapi?

BARAKA: Imegeuzwa kwenye kiti cha ufalme cha Uingereza. Katika historia tunayoijua, Mfalme James wa Pili wa ukoo wa Stuart aliondolewa madarakani mwaka 1688, na mwaka 1714 kiti hicho kikakaliwa na George wa Kwanza, aliyetoka Hanover huko Ujerumani. Wafuasi wa Stuart hawakukubali. Waliinua silaha mwaka 1715 na tena mwaka 1745, na inasimuliwa kwamba kila walipoinua bilauri kumtakia mfalme afya njema, waliipitisha juu ya chombo cha maji, kuonyesha kwamba mfalme wanayemkusudia ni yule aliyeko ng'ambo ya bahari. Aiken alichofanya ni kuwabadilishia nafasi. Kwake yeye ukoo wa Stuart haukuanguka, James wa Tatu anatawazwa mwaka 1832, na wanaokutana gizani, wanaoficha bunduki na kumnong'oneza mfalme wa ng'ambo, ni wafuasi wa Hanover wanaomtaka George wao.

ZUHURA: Na katikati ya njama hizo yupo Dido Twite, binti wa mtaani kutoka London, mwenye ulimi mkali na asiyeogopa cheo cha mtu. Baba yake ni mwanamuziki, na pia ni mmoja wa wala njama hao. Nasisitiza hilo la baba kwa sababu Dido amekulia katika nyumba ambamo mfalme asiyekuwepo alipewa umuhimu kuliko watoto waliokuwepo. Katika Black Hearts in Battersea ya mwaka 1964 anapotelea baharini, na katika Nightbirds on Nantucket ya mwaka 1966 tunamkuta Marekani baada ya kuokolewa na meli ya wavuvi wa nyangumi, ambako anakutana na njama nyingine ya Hanover, ya kufyatua mzinga mkubwa kutoka kisiwa cha Nantucket hadi London ili kumuua mfalme. Ni ujinga wa kupendeza sana.

BARAKA: Ujinga wenye hesabu zake, Dada.

ZUHURA: Ndiyo, wenye hesabu zake. The Stolen Lake inaanza Dido akiwa ndani ya manowari ya Uingereza iitwayo Thrush, chini ya Nahodha Hughes, akirudishwa nyumbani. Meli inaitwa kwenda Amerika ya Kusini, kwa sababu malkia wa nchi iitwayo New Cumbria, mshirika wa zamani wa Uingereza, ameomba msaada. Amelalamika kwamba jirani yake, Mfalme Mabon wa Lyonesse, amemwibia ziwa. Ziwa lenyewe liligandishwa, likakatwa vipande vya barafu, na vipande vikabebwa vikavushwa mpaka.

BARAKA: Na hapo historia inapinda kwa mara ya pili, mbali zaidi na ile ya kwanza. Katika ulimwengu wa kitabu hiki, Wabritoni, yaani Waselti wenyeji wa kale wa Uingereza, waliokuwa wakisukumwa na wavamizi Wasaksoni, hawakubaki Wales na Cornwall tu, bali baadhi yao walivuka bahari hadi Amerika ya Kusini na kuanzisha falme milimani. Mji mkuu wa New Cumbria unaitwa Bath Regis, na una volkano kuuzunguka. Jina hilo halikuokotwa. Kumbukumbu za kale za Waanglo-Saksoni zinasema kwamba mwaka 577, katika vita vya Dyrham, Wasaksoni waliwaua wafalme watatu wa Wabritoni, yaani Conmail, Condidan na Farinmail, wakaiteka miji ya Gloucester, Cirencester na Bath. Mtu aliyefukuzwa Bath akienda kujenga mji mpya, hata kama ni juu ya milima ya Andes, ni nani atamshangaa akiuita Bath?

ZUHURA: Na kuhama kwenyewe si jambo la kubuni tupu. Wabritoni wa wakati huo walihama kweli kwenda Brittany, Ufaransa, na wengine walifika hadi Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania.

BARAKA: Kisha yapo mambo mawili ambayo msomaji wa Wales hawezi kukosa kuyafikiria. La kwanza ni hekaya ya Madog, mwana wa mfalme anayesemekana kuvuka Atlantiki mwaka 1170 na kufika Amerika, hekaya ambayo Waingereza wa wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza waliitumia kudai kwamba walitangulia mbele ya Hispania. La pili ni la kweli kabisa. Mwaka 1865 Wawelshi wapatao 150 walipanda meli ya Mimosa huko Liverpool wakaenda kukaa Patagonia, Argentina, na hadi leo wapo wanaozungumza Kiwelshi katika bonde la mto Chubut. Kwa hiyo msomaji akicheka kwamba Waselti walitafuta nini Amerika ya Kusini, jibu ni kwamba walikwenda, ila wakachelewa miaka 1,300 kuliko walivyokwenda katika riwaya.

ZUHURA: Wale wa Patagonia walisaidiwa sana na wenyeji wa Tehuelche, waliofanya nao biashara na kuwafundisha kuwinda. Hapo ndipo nina lawama yangu ya kwanza kwa Aiken. Ameupanda ufalme wa Wabritoni juu ya Andes kwa ustadi mkubwa, lakini wenyeji wa Andes sikuwaona kwa kadiri niliyotamani. Anayejipa uhuru wa kuigeuza historia anapaswa kuulizwa pia ni historia ya nani aliyoisogeza ili apate nafasi.

BARAKA: Nakubaliana nawe, na sina utetezi. Ningesema tu kwamba mwandishi hajifanyi kuusifu ufalme huo, kwa kuwa New Cumbria ni nchi mbaya mno.

ZUHURA: Basi tumfikie malkia. Wasikilizaji ambao hawajasoma na hawataki kuharibiwa utamu, wazibe masikio.

BARAKA: Anaitwa Ginevra, na ndiye Guinevere mwenyewe, mke wa Arthur, akiwa bado hai. Kumbukumbu za Wales zinaweka kifo cha Arthur katika vita vya Camlann mwaka 537. Naye Geoffrey wa Monmouth, aliyeandika mnamo mwaka 1136, anasema kwamba mfalme alijeruhiwa vibaya akapelekwa kisiwa cha Avalon kutibiwa majeraha yake, mwaka 542. Hesabu kutoka hapo hadi miaka ya 1830 utapata takriban miaka 1,300, na miaka yote hiyo Ginevra amekuwa akisubiri. Ziwa analolilia ni lile ambalo mumewe anatarajiwa kurejea kupitia kwalo. Sasa fikiria, Dada: hekaya inamsifu anayesubiri, lakini haimuulizi anakula nini.

ZUHURA: Aiken akauliza.

BARAKA: Akauliza, na jibu lake linatisha. Ginevra anaishi kwa gharama ya wasichana wadogo. Dido anapita katika nchi ile akijiuliza kwa nini haoni wasichana wa umri wake, na msomaji anaanza kuelewa kabla yake. Mfalme Mabon naye hakuiba ziwa kwa tamaa. Alilichukua kwa sababu malkia alikuwa amemnyakulia binti yake, Elen. Kwa hiyo kesi iliyoletwa mbele ya nahodha wa Uingereza kama wizi wa mali inageuka kuwa kesi ya watoto waliopotea, na aliyetoa mashtaka ndiye mwenye hatia.

ZUHURA: Hapo ndipo nilipoanza kukubaliana na madai yako ya mwanzo. Wafuasi wa Hanover wanamsubiri George. Malkia Ginevra anamsubiri Arthur. Wote wana mfalme wao ng'ambo ya maji, na katika kila kitabu anayelipa deni la kusubiri huko ni mtoto.

BARAKA: Ndicho ninachokisema. Waandishi wengi wanaochanganya historia mbadala na hekaya huziweka bega kwa bega, upande mmoja siasa na upande mwingine uchawi, na msomaji anahama kutoka huku kwenda kule. Aiken ameona kwamba Arthur mwenyewe alikuwa siasa tangu zamani. Watawa wa Glastonbury walipotangaza mwaka 1191 kwamba wamelifukua kaburi la Arthur na Guinevere, habari hiyo iliwafaa wafalme wa Uingereza, maana Wawelshi walioamini kwamba Arthur atarudi sasa walioneshwa mifupa. Naye Henry wa Saba, aliyekuwa na asili ya Wales na madai dhaifu ya kiti, alimpa mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1486 huko Winchester, jina la Arthur. Tumaini la kurudi kwa mfalme limekuwa likiuzwa na kununuliwa kwa karne nyingi.

ZUHURA: Na vipande vya hekaya vilivyotawanywa humo havikuwekwa kwa pambo. Mabon katika masimulizi ya kale ya Wales ni mtoto aliyeibwa kwa mama yake akiwa na umri wa siku tatu, na ni watu wa Arthur wanaomwokoa gerezani. Katika riwaya, Mabon ni baba aliyeibiwa mtoto. Aiken amemwacha mtu yuleyule katika jeraha lilelile, ila amemhamishia upande wa mzazi. Pia kuna jumba la malkia linalozunguka, ambalo kwangu linafanana na ngome za ulimwengu mwingine katika mashairi ya kale ya Kiwelshi. Msomaji asiyejua lolote kati ya hayo bado anabaki na hadithi kamili, na hilo ndilo ninalolipenda.

BARAKA: Sasa niambie lawama ya pili, maana naiona usoni.

ZUHURA: Ni mhudumu wa nahodha, Bwana Holystone, mtu mpole anayemfundisha Dido adabu na masomo ndani ya meli, ambaye baadaye anabainika kuwa ndiye Arthur aliyerudi. Mwalimu, hii ni sadfa kupita kiasi. Katika bahari zote za dunia, mfalme anayesubiriwa kwa miaka 1,300 awe anaosha vyombo katika meli ileile iliyotumwa kwa malkia?

BARAKA: Kwa kipimo cha riwaya ya kawaida una haki. Lakini mfululizo huu tangu mwanzo unafuata sheria za masimulizi ya zamani, ambamo anayetafutwa huwa jikoni. Zaidi ya hapo, mtazame Holystone alivyo. Hadai kiti, hakumbuki kwamba aliwahi kuwa na kiti, na wema wake tumeuona katika kumhudumia binti asiye na cheo. Kama Arthur angeshuka juu ya ziwa kwa upanga na tarumbeta, kitabu kingemthibitishia malkia kwamba alikuwa sahihi kusubiri. Anaporudi akiwa mhudumu, malkia anapata mume wake lakini hapati kile alichowaulia watoto.

ZUHURA: Hoja nzuri, ingawa bado nasema kwamba mwisho unakimbia. Mambo makubwa kama hayo yalistahili kurasa zaidi, na Dido anasukumwa pembeni wakati watu wa hekaya wanapomaliza mambo yao.

BARAKA: Hilo nalikubali.

ZUHURA: Tuzungumzie mpangilio, kwa sababu unawasumbua wengi. Kitabu hiki kilitoka miaka 10 baada ya The Cuckoo Tree ya mwaka 1971, lakini matukio yake yanatangulia. Katika The Cuckoo Tree, Dido na Nahodha Hughes tayari wamefika Uingereza. Kwa hiyo aliyesoma kwa mfuatano wa kuchapishwa anajua kwamba hawa wawili hawatakufa milimani.

BARAKA: Na mwandishi alijua kwamba tunajua. Ndiyo maana hofu hakuiweka kwa Dido peke yake, bali aliiweka kwa Elen na kwa wasichana wa New Cumbria, ambao hakuna kitabu kingine kilichotuahidi usalama wao. Mwendelezo unaoingizwa katikati ya vitabu viwili vilivyokwishaandikwa una mikono iliyofungwa, na Aiken aliupata uhuru wake kwa kuhamia nchi ambayo mfululizo haukuwahi kuigusa. Alirudia mbinu hiyohiyo mwaka 1999 kwa kitabu kingine kinachoingia katika pengo lilelile. Mimi nawashauri vijana wasome kwa mfuatano wa matukio, wakianza na Black Hearts in Battersea ili wamjue Dido, na wazazi wa watoto wadogo wausome ukweli kuhusu malkia kabla ya kuwaachia.

ZUHURA: Mimi ningewaachia wenye miaka 12 na kuendelea bila wasiwasi. Kipindi kijacho tutakisoma The Cuckoo Tree, ambamo James wa Tatu amefariki, Richard wa Nne anangoja kutawazwa, na wafuasi wa Hanover wamelitilia magurudumu Kanisa Kuu la St Paul's ili siku ya sherehe liteleze na waumini wake wote hadi ndani ya mto Thames.

BARAKA: Hilo nitakuja na hesabu zake.