Tangazo limefika, mteja kaishia wapi?

REHEMA: Karibuni tena. Mimi ni Rehema, nauza mashuka na mapazia Kariakoo. Niko na kaka Salumu, kazi yake ni kuwatengenezea wafanyabiashara wadogo matangazo ya mtandaoni. Leo tunachambua yale ambayo wengi wetu tunaamini kuhusu kuuza mtandaoni, na siyo kweli. Kaka, karibu.

SALUMU: Ahsante dada Rehema. Nianze na lile linalokula hela za watu kuliko yote: kwamba ukionekana, umeuza. Mtu analipia tangazo, anaambiwa limewafikia watu 20,000, anafurahi. Wiki ikiisha anahesabu mauzo, haoni kitu. Anasema mtandaoni hakuna wateja. Mimi huwa naomba nisome meseji za biashara yake, na wateja nawakuta humo humo. Wameuliza saa nne asubuhi, wamejibiwa saa tatu usiku. Wengine hawajajibiwa kabisa.

REHEMA: Na hiyo saa tatu usiku mtu ameshanunua kwa mwingine.

SALUMU: Ameshanunua. Tangazo lilifanya kazi yake, lilimleta mpaka mlangoni. Mlango ndio ulikuwa umefungwa. Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kulipia tangazo, swali langu la kwanza ni nani atakaa na simu.

REHEMA: Sasa hapo hapo tuiseme ile "bei njoo inboksi". Naomba tuwatendee haki wenzangu, kwa sababu hawaifichi bei kwa ujinga. Kariakoo kuna mawinga, yaani wauzaji wa kati wasio na mzigo wao. Ukiweka bei hadharani, winga anachukua picha yako, anaongeza elfu tano juu, anauza kama mzigo ni wake. Jirani naye akiona bei yako, anashusha buku. Mtu anaona bora afiche.

SALUMU: Hofu naielewa, lakini tumwangalie huyo anayefichwa. Winga anapita mbele ya duka lako kila asubuhi, bei anaijua. Jirani anaijua. Asiyeijua ni dada wa Tabata aliyekaa kwenye daladala, kaona shuka zuri kwenye simu, na hana namna ya kujua kama ni 30,000 au 150,000. Na watu wetu wengi wanaona haya kuuliza bei halafu washindwe kununua. Hawaulizi. Wanapita zao, na wewe hutajua kamwe kwamba walikuwepo.

REHEMA: Hilo la haya ni kweli kabisa. Dukani mtu anaweza kushika shuka, akaangalia kibandiko, akaondoka bila kusema neno. Inboksi lazima ajitokeze kwa jina na sura.

SALUMU: Umeona? Halafu mfanyabiashara mwenyewe anajitesa. Meseji 60 kwa siku, zote zinasema "bei?". Anachoka, anaanza kujibu kwa mkato, mteja anaona dharau. Bei ikiwa wazi, anayekuja inboksi anakuja na maswali ya mnunuzi: kuna sita kwa sita? Rangi nyingine ipo? Mzigo unafika Dodoma lini?

REHEMA: Mimi bei ya rejareja naiandika juu ya picha yenyewe, kwa sababu picha ikisambaa kwenye magrupu, maelezo ya chini hayaendi nayo. Bei ya jumla ndiyo nasema tuongee, maana inategemea anachukua pisi ngapi. Na naandika ukubwa, kitambaa, idadi ya foronya, gharama ya boda kwa walio mjini. Meseji zimepungua, mauzo hayajapungua.

SALUMU: Sasa twende kwenye kile kitufe cha kubusti posti, yaani kuilipia ionekane kwa watu wengi zaidi. Watu wanakichukulia kama kipaza sauti: lipa zaidi, usikike zaidi. Hakiko hivyo. Kabla hujalipa, Facebook au Instagram inakuuliza unataka nini. Unataka watu watembelee ukurasa? Waangalie video? Wakutumie meseji? Kila jibu linakupeleka kwa watu tofauti, kwa sababu mfumo unawajua watu kwa tabia zao. Kuna mtu kazi yake kulaiki tu, toka asubuhi mpaka jioni, hajawahi kuandika meseji ya kununua kitu. Ukiomba laiki, utaletewa huyo. Halafu unalalamika kwamba laiki 900 hazijauza hata foronya moja, wakati umepewa ulichokiomba.

REHEMA: Kwa hiyo muuza mashuka achague meseji.

SALUMU: Kwa biashara nyingi ndogo za hapa, meseji, hasa zinazoangukia WhatsApp, maana biashara tunaifungia huko. Na aangalie eneo. Mwenye saluni Mbagala analipia tangazo lionekane Tanzania nzima. Nani atatoka Bukoba kuja kusuka Mbagala? Unaweza kuweka alama pale ulipo na kuchagua kilomita chache za kuzunguka. Hela ile ile inafanya kazi kwa watu wanaoweza kufika kwa miguu.

REHEMA: Hesabu. Kaka, naomba upige ile hesabu uliyonionyesha, taratibu.

SALUMU: Chukua mfano. Umelipia tangazo 60,000. Zimekuja meseji 40. Walionunua ni 8. Gawa 60,000 kwa 8: kila mteja amekugharimu 7,500 kumpata. Sasa rudi kwenye shuka lako. Ukitoa bei uliyonunulia na mfuko wa kufungia, unabakiwa na faida kiasi gani? Ikiwa ni 9,000, baada ya tangazo una 1,500 mkononi. Ikiwa ni 6,000, kila shuka unalouza linakutoa 1,500 mfukoni. Na hapo utakuwa unachangamka kweli, mzigo unatoka, boda wanapishana dukani, huku mtaji unaisha.

REHEMA: Hii inaumiza, kwa sababu kwa macho biashara inaonekana inakwenda.

SALUMU: Ndiyo maana nashikilia habari ya kujibu. Wale wale 40, ukiwajibu ndani ya dakika chache, kwa bei iliyo wazi, wakanunua 16 badala ya 8, kila mmoja amekugharimu 3,750. Hujaongeza hata shilingi kwenye tangazo. Na yule atakayerudi mwezi ujao kuchukua mapazia hujamlipia tena chochote. Faida ya biashara ndogo mtandaoni imekaa kwa anayerudi, na anayerudi ni yule aliyehudumiwa vizuri mara ya kwanza.

REHEMA: Na wafuasi? Kuna watu wanauza wafuasi elfu kumi kwa bei ya soda.

SALUMU: Usinunue. Hizo ni akaunti za uongo au za watu wa nchi za mbali wasiojua hata Kariakoo iko wapi. Unapoweka posti, inaonyeshwa kwanza kwa baadhi ya wafuasi wako. Wasipojali, mfumo unaona posti haina mvuto na hauisukumi mbele. Kwa hiyo wafuasi wa kununua wanawazuia hata wale wa kweli wasikuone. Na Instagram walitangaza Novemba 2018 kwamba wanaanza kuondoa laiki na wafuasi wa namna hiyo. Unaweza kulala nao, ukaamka hawapo.

REHEMA: Wanaosema "ukurasa wenye wafuasi wachache hauaminiki", mimi nawaambia hivi: mteja anayeogopa matapeli anatafuta vitu vingine. Anataka kuona duka lilipo, video ya mzigo halisi na siyo picha ya kuokota mtandaoni, watu wanaouliza na kujibiwa. Na sehemu ya kulipia. Ukimpa lipa namba, kabla hajathibitisha anaona jina la biashara, na jina hilo likifanana na la ukurasa, moyo unatulia. Ukimpa namba ya mtu binafsi yenye jina tofauti, hata ukiwa na wafuasi laki mbili atasita. Na ana haki ya kusita, watu wameibiwa sana.

SALUMU: Kabisa. Na suala la kuwalipa mastaa watutangazie biashara niliseme kwa ufupi: msanii ana mashabiki nchi nzima, wewe unauza chapati za oda Kimara. Tafuta mtu anayeaminika Kimara. Anaweza kuwa mama wa kwaya.

REHEMA: Au katibu wa kamati ya harusi! Kuna wanaosema "wateja wangu ni watu wazima, hawako mtandaoni". Kikoba kiko WhatsApp, kamati ya harusi iko WhatsApp, wazazi wa darasa la tatu wako WhatsApp. Mama hana akaunti ya Instagram, sawa, lakini stetasi anaangalia kila jioni.

SALUMU: Na ile WhatsApp ya biashara ni bure. Ina katalogi ya kuweka bidhaa na bei, ina majibu ya kujituma yenyewe ukiwa umefunga, ina lebo za kutenganisha aliyelipa na anayesubiri mzigo. Ila kuna jambo watu hawalijui: ukituma ujumbe mmoja kwa wateja wengi kwa ile orodha ya kawaida, broadcast, unaingiza watu 256 tu kwa orodha moja, na anaupata yule aliyehifadhi namba yako. Hajaisevu, haumfikii. Kwa hiyo mteja akinunua, mwombe aisevu.

REHEMA: Badala ya kununua namba za watu.

SALUMU: Hapo tuwe wakali kidogo. Orodha za namba zinauzwa, na mtu anaona ni njia ya mkato. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Namba ya simu ya mtu ni taarifa yake. Hukupewa na yeye, usiitumie. Na mwisho wa siku ukimtumia tangazo mtu asiyekujua saa sita usiku, anakuripoti, na namba yako ya biashara inaweza kufungwa.

REHEMA: Na zile picha za mazungumzo tunazoweka kama ushuhuda, "mteja amepokea mzigo, asante mpenzi", huku namba yake na jina lake viko wazi. Au picha ya nyumba yake na pazia jipya. Jamani, tuombe ruhusa. Sebule ni ya mtu.

SALUMU: Umesema vyema. Jingine: watu wanadhani ukurasa wa Instagram ni mali yao. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa saa kama sita. Waliokuwa na namba za wateja wao kwenye daftari walipiga simu na kutuma meseji za kawaida. Waliokuwa na ukurasa tu, walisubiri. Na akaunti inaweza kudukuliwa siku yoyote. Weka uthibitisho wa hatua mbili, yaani ulinzi wa pili juu ya nywila, leo hii, na wateja waliokubali uwasiliane nao, waandike mahali pengine.

REHEMA: Ramani je? Maana ananipigia mtu, "niko Msimbazi, sikuoni".

SALUMU: Duka lako liweke kwenye ramani ya Google, hulipi kitu. Watakutaka uthibitishe, mara nyingi kwa video inayoonyesha duka na mtaa. Weka saa za kufungua, simu, picha ya mlango. Mtu anayetafuta "mapazia Kariakoo" yuko tayari kununua, hujamkatiza akiwa anaangalia vichekesho. Kwa mwenye duka la kudumu, mimi hili naliweka mbele ya tangazo lolote la kulipia.

REHEMA: Tumalizie na swali linalotufikia kila wiki: mtu ana 100,000 yake ya kwanza ya matangazo, aifanyeje?

SALUMU: Asiitumie wiki hii. Wiki hii aandike bei kwenye picha, apange katalogi, aweke duka kwenye ramani, na aamue nani anajibu simu. Wiki ijayo atoe 30,000, achukue bidhaa moja, ile ambayo dukani inatoka yenyewe bila kubembeleza, aitangaze siku tano kwa watu wa karibu, lengo likiwa meseji. Kila meseji aiandike kwenye daftari: ameuliza nini, amenunua au hakununua, na kama hakununua, mazungumzo yaliishia wapi. Zile 70,000 azishike mpaka amelisoma daftari lote.

REHEMA: Basi wenye madaftari, tutumieni picha tuzisome pamoja kipindi kijacho, na majina ya wateja myafunike. Ahsante kaka Salumu.

SALUMU: Ahsante dada. Siku njema wote.