Anza na Chuo, Kisha Urudi Nyuma: Kumchagulia Mtoto Shule ya Bweni ya Kimataifa

Mhadhara kwa wazazi na walezi, Lamu

Asalaam aleikum, wazazi wetu na walezi.

Nitaanza na swali ambalo wengi hulifikia mwisho: mtoto anataka kusomea nini chuoni, na katika nchi gani? Bweni, bwawa la kuogelea na sare vije baadaye. Ukilijibu swali hilo kwanza, huenda ukagundua kwamba shule ya kimataifa huihitaji kabisa.

Chukueni Marekani. Vyuo vingi vya huko hupokea KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari. Mtoto mwenye alama za juu, akafanya SAT, yaani mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, na mtihani wa Kiingereza, anaweza kuomba akiwa katika shule ya kawaida ya Kenya. Uingereza ni mlango mwingine. Huko vyuo vingi havimwingizi mtu mwaka wa kwanza kwa KCSE peke yake. Hutaka A-Level, yaani mitihani ya mwisho ya sekondari ya Uingereza, au diploma ya IB (International Baccalaureate), ambayo ni ya kimataifa, au mwaka mzima wa matayarisho. Na aliyekusudia kubaki hapa Kenya ajue kwamba nafasi za KUCCPS, shirika la serikali linalopanga wanafunzi vyuoni, zimejengwa juu ya KCSE. Mwenye vyeti vya nje huomba kwa chuo chenyewe, na huenda akatakiwa alinganishiwe vyeti na KNQA, mamlaka ya Kenya ya kutambua vyeti.

Kuna kosa linalogharimu sana, nalo ni kudhani IGCSE, cheti cha sekondari kinachotangulia A-Level, ndiyo mwisho wa safari. IGCSE hufanywa mtoto akiwa na miaka 16 hivi. Baada yake bado kuna miaka miwili ya A-Level au IB, na miaka hiyo ndiyo ya karo kubwa. Mzazi aliyepigia hesabu IGCSE tu hujikuta katikati ya mkondo, fedha zimekwisha, na mtoto ameshauacha mtaala wa Kenya. Wakati wa kumhamisha nao una hesabu yake. Anayemaliza gredi ya 9 anaweza kuingia mwaka wa 10 wa mtaala wa Uingereza na kuanza kozi ya IGCSE pamoja na wenzake. Akichelewa mwaka mmoja ataikuta nusu ya silabasi ya miaka miwili imeshafundishwa.

Sasa, A-Level au IB? A-Level kwa kawaida ni masomo matatu, yakachimbwa sana. IB ni masomo sita: matatu ngazi ya juu, matatu ngazi ya kawaida. Kila somo lina pointi 7, hivyo 42, na pointi 3 zaidi hutoka kwenye insha ndefu ya maneno 4,000 na somo la nadharia ya maarifa. Jumla 45. Bila pointi 24 hakuna diploma, na wastani wa dunia ni karibu 30. Mtoto anayejua fika kwamba anataka uhandisi na hapendi lugha, A-Level humfaa. Anayeandika vizuri na bado hajaamua, mpelekeni IB.

Lakini ndani ya IB kuna mtego wa hesabu, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Kozi za hesabu ni mbili: moja ya uchanganuzi, inayofupishwa AA, na moja ya matumizi, inayofupishwa AI. Mtoto akichagua AI ngazi ya kawaida kwa kuwa ni nyepesi, idara nyingi za uhandisi za Uingereza zimeshamfungia mlango akiwa na miaka 16. Kwa udaktari, kemia ngazi ya juu karibu haikwepeki, na baiolojia mara nyingi huandamana nayo. Kabla ya kulipa amana, fungueni tovuti ya idara ya chuo mnachokitaka, msome masharti yake, kisha muulize shule: je, masomo haya matatu yanaweza kukaa pamoja kwenye ratiba yenu? Shule ndogo mara nyingi haziwezi, kwa sababu kemia na fizikia zimepangwa saa ileile.

Na Kiswahili? IB inacho. Hata shule isiyokuwa na mwalimu wa Kiswahili inaweza kumruhusu mwanafunzi asome fasihi ya Kiswahili kwa kujisomea chini ya usimamizi, katika ngazi ya kawaida, kama lugha yake ya kwanza. Akichukua na Kiingereza kama lugha ya kwanza vilevile, akapata angalau 3 katika zote mbili, hutunukiwa diploma ya lugha mbili. Mtoto aliyelelewa na tenzi za Pate na Siyu ana akiba hapo ambayo wenzake hawana. Lakini ombi hilo litolewe kabla ya kuripoti, maana shule huhitaji muda wa kutafuta msimamizi.

Namna ya kuipima shule: kwanza hakikisheni kwenye tovuti ya IB kwamba imeidhinishwa. Shule iliyo bado mgombea haiwezi kumtahini mtoto wenu kwa diploma. Kisha ombeni kwa maandishi matokeo ya miaka mitatu, pamoja na idadi ya walioanza na idadi ya waliofanya mtihani. Walioanza wakiwa 40 na kumaliza 28, ulizeni wale 12 walikwenda wapi. Ombeni orodha ya vyuo walivyoingia wanafunzi hasa. Orodha ya waliokubaliwa si kitu kimoja nayo, kwani mwanafunzi mmoja anaweza kukubaliwa na vyuo vinane, akahesabiwa mara nane. Ulizeni pia mshauri wa vyuo ana wanafunzi wangapi.

Mwenye kutaka Oxford, Cambridge au udaktari wa Uingereza, maombi hufungwa katikati ya Oktoba ya mwaka wa mwisho, wiki chache tu baada ya shule kufunguliwa. Alama za makadirio anazoandika mwalimu kwa ajili ya maombi hayo hutokana na mwaka wa kwanza. Ndiyo maana kuhama shule katikati ya ile miaka miwili huumiza sana.

Fedha. Karo nyingi huandikwa kwa dola au pauni. Karo ya dola 20,000 ilikuwa takriban shilingi 3,200,000 mwanzoni mwa 2024, dola ilipofika 160. Kwa dola ya 129 ni 2,580,000. Tofauti ya 620,000 haikutoka shuleni wala kwa mzazi, kwa hiyo wekeni nafasi kwenye hesabu. Uingereza tangu tarehe 1 Januari 2025 imeongeza kodi ya asilimia 20 juu ya karo za shule binafsi. Ongezeni ada ya mitihani, bima, nauli, na mlezi wa kumpokea bweni linapofungwa likizo fupi. Kutoka hapa hadi Manda kwa boti, kisha ndege mbili au tatu, mtoto hawezi kurudi nyumbani kwa likizo ya siku tano.

Asiyekuwa na fedha hizo aangalie shule za UWC (United World Colleges), mtandao wa shule za kimataifa, ambazo kwa upande wetu wa Afrika ziko Moshi na Arusha, na pia Eswatini. Maombi hupitia kamati ya taifa, na ufadhili hutolewa kwa kuangalia uwezo wa familia.

Kuhusu dini, msiridhike na neno "tunaheshimu dini zote". Ulizeni nani anapika daku, na jiko hufunguliwa saa ngapi. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu tarehe 8 Februari, na katika shule nyingi ambazo mwaka wa masomo huanza Agosti, huo ndio msimu wa mitihani ya majaribio.

La mwisho ni majina. Mtoto ni Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Muhammad kwenye pasipoti, na jina la babu lipo hapa, pale halipo. Cheti cha mtihani huandikwa kama alivyosajiliwa, na ofisi ya viza hulinganisha herufi kwa herufi. Yasahihisheni mwaka huu, kabla shule haijamsajili.

Karibuni kwa maswali.