Duka Lisilo na Mlango

KAKA: Kamwene, kamwene nyote mnaotusikiliza. Nimeingia Mbeya jana usiku nikitokea Iringa, na baridi ya Julai nimeikuta imeshakaa kitako. Dada, habari za hapa?

DADA: Mwagonile, kaka yangu. Karibu sana. Kunywa chai hiyo kwanza, ni ya nyumbani Rungwe. Nitaitolea mfano baadaye.

KAKA: Ndaga. Sasa leo tunazungumzia uchovu. Uchovu wa mtu anayefanya biashara mtandaoni, ule unaopitiliza mpaka mtu anazima kabisa. Kuna jambo uliniambia kwenye simu wiki mbili zilizopita, nikakuomba ulirudie hapa.

DADA: Lile la mchele. Wanaotufuata wanajua nauza mchele wa Kyela na maharage, na wateja wangu wengi wako Dar es Salaam na Dodoma. Nilianza na kilo 50, picha tatu za Instagram na stetasi za WhatsApp. Mwaka wa pili nikawa natuma gunia kumi kwa wiki. Watu wakanipongeza, na mimi nikafurahi kwa kweli. Sasa siku moja, ilikuwa Machi, mvua inanyesha pale Ilomba, mteja akaniandikia, "Dada, huu mchele unanukia?" Ni swali la kawaida kabisa, kila mtu huuliza. Nikaitazama ile simu, nikaanza kulia.

KAKA: Alikuwa amekuudhi?

DADA: Hata kidogo, aliuliza kwa adabu. Ila sikuwa na neno hata moja la kumpa. "Ndiyo, unanukia" ilinishinda kuandika.

KAKA: Na hukuwa unaumwa.

DADA: Nilienda kupima. Malaria hakuna, taifodi hakuna. Lakini usingizi ulikuwa umenikimbia muda mrefu. Nalala saa sita usiku, saa nane nimeshtuka, mkono umeshafika kwenye simu. Nakula nimesimama. Na kilichonitisha zaidi, wale wateja, ambao pesa zao ndizo zilizomwezekea mama yangu nyumba kwa bati, nilianza kuwachukia. Ujumbe ukiingia nakunja uso. Mama akaniuliza, "Mwanangu, nani amekufanya nini?"

KAKA: Pole sana, dada. Uliponisimulia nilienda kusoma maelezo ya Shirika la Afya Duniani, WHO. Katika orodha yao ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022, wameiweka hali hii. Hawaiiti ugonjwa. Wanasema ni hali itokanayo na kazi, msongo uliokaa muda mrefu bila kushughulikiwa. Na wanataja dalili tatu. Ya kwanza, nguvu zimekwisha. Ya pili, moyo umejitenga na kazi, unaiona chungu. Ya tatu, unaona huna tena unachokifanya kikafaa.

DADA: Nilikuwa nazo zote. Na mimi nikajiambia ni uvivu, nikaongeza saa za kazi! Niliona dawa ya uchovu ni kujikaza. Wengi wetu ndivyo tulivyolelewa huku, jembe halina samahani. Ndiyo maana nataka mtu anayesikiliza saa hii aelewe, ukiona unawachukia watu wanaokulisha, usijitukane. Simama utazame unavyofanya kazi.

KAKA: Sasa nikuulize. Shangazi yako amefanya biashara ya mchele pale soko la Mwanjelwa miaka yote. Anabeba, anapima, anabishana bei kutwa. Mbona yeye hakufika huko?

DADA: Nilimuuliza swali hilo hilo. Akaniambia, "Mimi giza likiingia nafunika turubai, naenda nyumbani." Basi. Mteja akija sokoni saa tatu usiku hakuti mtu, na wala hanuni, anajua soko limefungwa, atarudi kesho. Mimi duka langu halina mlango. Liko mfukoni, liko chini ya mto, naingia nalo kanisani. Shangazi anafungiwa na jua. Mimi hakuna wa kunifungia.

KAKA: Kwangu ni jua la watu wengine kabisa. Natengeneza tovuti, nina wateja wawili New York. Wao wakiwa saa sita mchana, kwangu Kihesa, Iringa, ni saa moja usiku, na msimu wao wa baridi inakuwa saa mbili. Kwa hiyo wakati mke wangu anapakua ugali ndipo wao wamechangamka. Kwa mwaka mzima nilikuwa nafanya kazi za hapa mchana na za kule usiku. Niliita hiyo bidii.

DADA: Ulikuwa unafika saa ngapi kwa wiki?

KAKA: Zaidi ya 70. Na ukumbuke, sheria yetu ya ajira ya 2004 inasema mwajiriwa asizidishe saa 45 za kawaida kwa wiki, na apewe saa 24 za mapumziko mfululizo. Kama ningekuwa na bosi ananifanyia vile ningemshtaki. Lakini bosi nilikuwa mimi mwenyewe. Halafu 2021, WHO na Shirika la Kazi Duniani wakatoa makadirio yao. Anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari yake ya kupata kiharusi ni kubwa kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo, asilimia 17. Niliposoma nilimfikiria mwanangu wa miaka minne. Siku ile ile nikawaandikia wale wawili kwamba simu zetu zitakuwa Jumanne na Alhamisi tu.

DADA: Wakasemaje?

KAKA: Mmoja akasema sawa, hata hakuuliza sababu. Mwingine akaondoka. Nisiseme uongo, pengo lake lilikaa miezi mitatu.

DADA: Hapo ndipo watu wanapoogopa, na wana haki ya kuogopa. Ngoja niseme ile ya chai. Mama yangu amechuma chai tangu ujana wake. Mchumaji anachukua majani mawili na chipukizi, yale ya juu, laini. Chini yake kuna majani makubwa, ya kijani kizito. Nikiwa mtoto nilimuuliza, "Mama, mbona haya makubwa tunayaacha, si yatajaza kapu haraka?" Akasema hayo ndiyo yanayolisha mche. Ukiyachuma, leo kapu limejaa, lakini chipukizi la wiki ijayo litatoka wapi? Na kila baada ya miaka michache shamba linapogolewa, linakaa miezi bila kuchumwa, na mwenye shamba anakuwa ameshajipanga kwa ile miezi.

KAKA: Hilo la kujipanga ndilo sikulifanya.

DADA: Mimi nilikuwa nachuma yale makubwa. Usingizi, chakula, Jumapili, maongezi na mama. Kila nilipotaka oda moja zaidi nilikata hapo.

KAKA: Sasa umebadilisha nini? Tuambie kwa vitendo, maana watu wanataka kujua unaanzaje kesho asubuhi.

DADA: Kubwa kuliko yote ni mwisho wa oda. Natuma mzigo siku mbili tu, Jumanne na Ijumaa, kwa mabasi ya alfajiri pale Nanenane. Anayelipia kabla ya saa tisa alasiri ya siku iliyotangulia, mzigo wake unaondoka. Akichelewa hata dakika kumi, anasubiri safari ijayo. Zamani nilikuwa naenda stendi kila siku, mara nyingine mara mbili, kwa kiroba kimoja cha kilo 25! Bodaboda, ushushaji, kumbembeleza konda, kutuma risiti, kumpigia mteja kama amepokea. Safari moja ya viroba 20 inanichosha zaidi kidogo tu kuliko ya kiroba kimoja.

KAKA: Na hawakukimbia?

DADA: Wachache. Wengi walipenda, kwa sababu sasa wanajua siku. Mama wa familia anapika kwa mpango, akijua mchele unafika Jumatano anatulia. La pili, WhatsApp ya biashara ina sehemu ya kuweka saa za kazi na ujumbe unaojijibu wenyewe. Nimeandika bei, uzito, siku za kutuma, na hilo la kunukia. Saa moja usiku najitoa. Simu inalala sebuleni, mimi chumbani.

KAKA: Picha na video je? Maana wengine wanachoshwa na kuposti kuliko kuuza.

DADA: Napiga zote siku moja, mara mbili kwa mwezi. Hilo halina maneno mengi. Ila kuna jambo watu hawalisemi, nami nitalisema. Chanzo cha mbio zangu kilikuwa deni. Nilichukua mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, ili ninunue gunia nyingi kwa mkupuo msimu wa mavuno. Marejesho ni kila wiki. Sasa mtu mwenye rejesho la Jumatatu, utamwambiaje apumzike Jumapili? Atakuitikia tu, moyoni anahesabu. Ilinichukua miezi minane kumaliza, na miezi hiyo sikununua hata kanga. Baada ya hapo ndipo nikaweza kuchagua idadi ya oda. Sasa nimeweka ukomo wa gunia saba. Nikifika saba natangaza zimeisha, mpaka wiki ijayo.

KAKA: Kutoka kumi hadi saba. Faida imeshuka?

DADA: Imeshuka, kidogo. Lakini magunia yanayopotea yamepungua pia, na makosa ya kutuma mzigo wa Dodoma kwenda Dar yameisha. Yale yalikuwa yananigharimu nauli mara mbili.

KAKA: Tuna sauti imetumwa na dada mmoja wa Mafinga anayeuza vitenge mtandaoni. Anasema, "Nina watoto watatu, baba yao hayupo. Nisipojibu usiku, mteja anahamia kwa mwingine. Nani atawalisha wanangu nikilala?" Nikiri kwamba swali hili limenikaa tangu jana.

DADA: Dada wa Mafinga, sitakwambia uache. Nisingekubali mtu aniambie hivyo nikiwa na rejesho la Jumatatu. Nakuomba kitu kimoja. Chukua daftari, kwa wiki mbili andika kila anayekuandikia usiku, na aliyelipa. Mimi nilipofanya hivyo nilikuta wa usiku karibu wote wanauliza bei tu, wanaolipa wanalipa mchana, wakiwa karibu na wakala. Kwako inaweza kuwa tofauti. Kama wanalipa usiku, basi usiku ndio soko lako, jibu, na ulale mchana watoto wakiwa shule. Kama hawalipi, anza na usiku mmoja tu wa kuzima simu. Jumatano, tuseme.

KAKA: Na mteja mmoja akihama usiku huo?

DADA: Atahama, inawezekana. Ndiyo maana nasema usiku mmoja, usiku ambao kapu lake linaweza kuuvumilia. Halafu atutumie sauti tena baada ya hizo wiki mbili, atusomee daftari lake. Nataka kweli kulisikia.

KAKA: Tutalisubiri. Ndaga, dada.

DADA: Ndaga fijo, kaka. Msalimie shemeji Kihesa.